Pumzi na Majina ya Ng'ombe

Jumanne, 24 Machi 2020. Karuba

Daftari hili lilikuwa la anatomia. Kurasa za mbele zina mifupa ya mguu. Nimezikunja, maana sasa sina wa kunisahihisha.

Nimefika nyumbani jana kutoka Goma na mkoba mmoja na stetoskopu ambayo bado inaniona mgeni. Vyuo vimefungwa Kongo nzima kwa sababu ya corona. Pale Mubambiro, kwenye kizuizi cha njiani, askari walitushusha tunawe mikono, tusimame mbali mbali, kisha tukapanda tena watatu kwenye pikipiki ile ile, nimebanwa katikati.

Papa, baba yangu, alikuwa malishoni. Aliyenipokea ni Nyogokuru Kanyange, mama yake Papa, bibi aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nami sijaota hata jino moja. Alinitazama kuanzia viatu.

"Banakufukuza?"

"Hapana, Nyogokuru. Bamefunga masomo juu ya ugonjwa."

"Ile masomo ya kuponyesha bantu, njo banafunga wakati bantu banagonjwa?"

Nikaomba maziwa.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Nimelala kama mtu aliyelipwa kulala.

Jumatatu, 30 Machi

Tumeanza masomo "kwa mtandao." Mtandao wenyewe uko kilimani juu ya malisho, kwenye kisiki cha mkalitusi. Hapo simu inashika, na picha zinakuja vipande vipande. Nyumbani kuna sehemu moja tu: msumari chini ya bati, kwenye ukuta wa nyumba ya Nyogokuru. Ukitundika simu pale, sauti inapita. Picha hapana. Ukiishusha kiganja kimoja tu, sauti nayo inakwenda zake.

Somo la kwanza ni semiolojia, yaani kumchunguza mgonjwa kwa macho, mikono na masikio. Ndilo somo la Profesa Émile Mbonigaba, yule ambaye mwaka jana alimtoa mwenzetu nje kwa kumshika mgonjwa na mikono baridi. Ametuma sauti ya dakika tisa, na nyuma yake jogoo anawika.

"Wapenzi, banasema tufundishe mu téléphone. Mimi niko nafundisha tangu miaka makumi tatu na moja. Tumbo ya muntu haiingie mu téléphone. Lakini bakubwa bamesema, tutafanya. Anayecheka jogoo yangu, namusikia."

Chuo pia kimetuma fomu: Je, masomo ya mtandaoni yanafaa kwa wanafunzi wa udaktari? Majibu ni matano, kuanzia "yanafaa sana" mpaka "hayafai kabisa." Nimechagua la mwisho bila kufikiri. Chantal, rafiki yangu, ambaye kwao ni msituni upande wa Walikale, naye kachagua hilo hilo, lakini jibu lake litachelewa. Masomo humfikia ndani ya kadi ya simu anayoletewa na mwenye pikipiki kutoka Hombo. Somo la Jumatatu anasikiliza Ijumaa.

Ijumaa, 3 Aprili

Leo nimemwelewa Profesa kwa mara ya kwanza tangu nianze chuo, naye hayupo mbele yangu!

Somo lilikuwa kugonga kifua. Unaweka kidole cha kushoto juu ya mbavu, unakigonga kwa kidole cha kulia, unasikiliza. Penye hewa panalia, penye maji panakuwa bubu. Darasani nilikuwa naitikia kwa kichwa kama wenzangu, na sikusikia tofauti yoyote. Leo akasema, "Hauna mugonjwa? Gonga mulango. Gonga kila kitu ya nyumba yenu, mupaka sikio iamke."

Nikashuka kutoka kisikini nikaanza kugonga bidoni, yale madumu ya maziwa ya Papa. Iliyo tupu inalia. Iliyojaa nusu inalia juu, kisha ghafla, chini kidogo, inanyamaza. Hapo ndipo maziwa yanapoanza! Nilichora mstari kwa mkaa, nikafungua, maziwa yalikuwa pale pale. Nikarudia kwa bidoni zote.

Papa alikuja akasimama. Papa Semana si mtu wa maneno. Maziwa hayaendi Goma siku hizi, yote ni ya jibini, na jambo hilo limemnyima hata yale maneno machache.

"Uko naharibu bidoni?"

"Niko nasoma, Papa."

Aliniangalia nikigonga nyingine mbili. Halafu akaziba macho yangu kwa kofia yake, akazibadilisha nafasi, akasema, "Sema sasa." Nikazipata zote. Jioni nilimsikia akimwambia jirani kwamba Goma kweli wanafundisha.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimefanya kosa kubwa.

Profesa ametangaza mtihani. Kila mmoja atamchunguza mtu wa nyumbani kwake huku yeye anasikiliza kwenye simu. Sehemu ya kwanza, yenye alama nyingi kuliko zote, ni kuhesabu pumzi dakika nzima. "Mutahesabu kwa sauti. Picha inakatika, mimi nitashika saa na kusikia. Asiyejua kuhesabu pumzi, asiniombe mwaka wa nne."

Wa kumchunguza ni Nyogokuru tu. Papa hakai dakika moja. Basi nikamlaza, nikaweka mkono juu ya tumbo lake, nikaanza kwa sauti: moja, mbili, tatu. Alinishika mkono akautoa kama mtu anayetoa kunguni kwenye shuka.

"Juu ya nini unanihesabu?"

"Ni masomo, Nyogokuru."

"Hatuhesabu kitu yenye kupumua. Ng'ombe hatuhesabu. Batoto hatuhesabu. Ukihesabia muntu pumzi, uko naonyesha kifo fasi yenye itasimama."

Nami najua hayo! Nimekulia hapa. Hakuna aliyewahi kumuuliza Papa ana ng'ombe wangapi, hata anayetaka kununua. Miaka mitatu ya Goma imenitoa adabu. Nilimwomba msamaha, akanisamehe mapema mno, jambo ambalo ni baya zaidi, maana lina maana kwamba jibu lake halitabadilika. Bila pumzi zake narudia mwaka.

Jumatano, 8 Aprili

Jioni nilisimama na Papa mlangoni mwa zizi. Ng'ombe wanaingia, naye anawaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa mpangilio usiobadilika. Bihogo anaanza, Sante anafuata, na kadhalika. Ndivyo anavyojua kama wote wamerudi. Halafu, wakiisha kuingia, anashusha sauti na kuwaita wengine, waliochukuliwa wakati wa vita au waliokufa. Anawaita bila kuangalia malishoni. Tangu utoto nayasikia majina hayo na leo tu yamenigonga kichwani.

Nilikimbia kwa Nyogokuru. "Na kama nikiita tu? Kila pumzi, jina moja. Sihesabu."

"Unaanza na Bihogo?"

"Naanza na Bihogo."

"Na unaita kwa heshima?"

"Kwa heshima."

Akalala chali mwenyewe, akavuta shuka vizuri. "Basi ita. Bale ni batoto betu."

Kilichobaki ni hila yangu. Nyuma kabisa ya daftari hili, wakati yeye anakoka moto, nimeandika majina yote kwa mpangilio na namba pembeni. Walio hai kumi na tisa. Waliokwenda kumi na wanne. Jina nitakaloishia, naangalia namba yake. Mungu anisamehe, na Nyogokuru pia, kwa kuwa nadhani yeye ni mkali zaidi.

Jumamosi, 11 Aprili

Sante kazaa ndama jike. Papa kamwita Konfinema, yaani huku kufungiwa kwetu nyumbani. Tumecheka mpaka majirani wakaja.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua, mvua. Simu haina moto, wenye sola wote hawana jua.

Jumamosi, 2 Mei

Ndama mwingine, mdomo mweupe. Huyu ni Kashne, kwa kuwa anaonekana kavaa barakoa. Papa amekuwa mtu wa mzaha, sijui tumshukuru nani.

Alhamisi, 7 Mei

Chantal kapanda mpaka Hombo na kunipigia. Ana hasira juu ya interro, jaribio la darasani, na hasira yake ina haki.

"Wewe uko na msumari. Mimi niko na nini? Interro ya Jumanne nimeisoma Jumapili. Banaandika 'absente.' Absente wapi? Niko hapa tangu kuzaliwa!"

Alitaka promosyo nzima, wote wa mwaka wetu, tugome. Nilimwambia nitafikiri. Kisha nikampigia Profesa, nikamweleza habari ya kadi ya simu. Nilitegemea karipio. Jogoo alijibu kwanza, halafu yeye akasema, "Sikujua. Mu darasa ningeona kiti iko bure. Hapa sione viti." Jioni kaandika kwenye kundi kwamba wa Walikale watapimwa siku yoyote watakayofikia mtandao. Nilikuwa namwogopa sana mtu huyu. Sasa namwogopa kidogo tu.

Jumatano, 20 Mei

Ndama wa tatu. Mapendo. Hakuna mzaha katika jina hili, kazaliwa dhaifu na Nyogokuru kamlaza karibu na moto wake.

Jumatatu, 25 Mei

Nimemwitia Nyogokuru majina dakika nzima. Nimeishia katikati ya walio hai. Alisinzia kabla sijamaliza. Anakohoa kidogo, anasema ni moshi.

Jumapili, 31 Mei. Pentekoste

Naandika hospitalini, kwenye benchi, saa tisa mchana. Mkono wangu una tope mpaka kwenye kiwiko na sitaunawa mpaka nimalize kuandika.

Asubuhi Nyogokuru hakuamka kwenda kanisani. Homa. Kikohozi kile hakikuwa moshi. Alipovuta pumzi, mbavu zake ziliingia ndani, na maneno aliyatoa mawili mawili. Papa alisimama mlangoni na kofia mkononi. Kitu nilichokuwa nakiogopa ni jina la ugonjwa ambalo hakuna aliyelitamka.

Nilifunga kitambaa puani na mdomoni, nikatundika simu msumarini, nikampigia Profesa. Jumapili, Pentekoste, na alipokea mara ya kwanza.

"Profesa, ni Umutoni. Nyogokuru wangu—"

"Usilie. Ulinawa mikono? Cache-nez unayo? Mikono iko ya moto? Pasha kwanza, halafu ushike mugongo. Gonga, niambie."

Nilipasha mikono kwenye moto. Nikagonga mgongo wake kutoka juu kwenda chini, kushoto, kisha kulia. Kushoto palilia mpaka chini. Kulia palilia, palilia, halafu pakanyamaza, chini ya bega kwa viganja viwili. Niliujua ukimya ule. Nilikuwa nimeuchorea mkaa kwenye bidoni.

"Kulia chini, Profesa. Kama bidoni yenye imejaa."

"Bien. Sasa pumzi. Mimi nashika saa. Anza."

Niliweka mkono juu ya tumbo lake. Nyogokuru alifungua macho, akaniangalia, nikajua anachouliza.

"Bihogo," nikasema.

Akafumba macho.

Nikawaita. Bihogo, Sante, Rusine, mbio mbio, maana pumzi zilikuja mbio. Profesa hakuuliza ni kitu gani ninasema. Walio hai wakaisha na dakika haijaisha. Nilisikia sauti yangu ikiita Konfinema, Kashne, Mapendo, na bado pumzi zinakuja, na mbele hapakuwa na wengine ila waliokwenda. Papa pale mlangoni aligeuka akaangalia nje. Nikawaita wale, mmoja baada ya mwingine. Nikafika kwa Gitare, ng'ombe ambaye kwa maziwa yake nililelewa, aliyechukuliwa wakati wa vita pamoja na kamba yake.

"Simama," Profesa akasema. "Ngapi?"

Nilifungua nyuma ya daftari. Gitare, ishirini na nane.

"Vingt-huit," nikasema.

Alipumua. "Ni nyingi. Lakini iko chini ya makumi tatu, na akili yake iko sawa. Barabara iko je?"

"Mvua imekata chini ya kilima. Ni kipoyi tu, bantu bamubebe ku mabega."

"Kumubeba mu mvua, na ile homa, masaa tatu… Aanze dawa kwa infirmier wenu leo. Kesho asubuhi unihesabie tena. Ikifika makumi tatu, hata saa moja asibakie ku nyumba. Unasikia?"

Nikasikia. Nilikata simu, na niseme ukweli, nilifurahi. Nilitaka abaki. Nilitaka kuamini namba yangu.

Nyogokuru alinivuta nguo.

"Konfinema… uliweka wapi?"

"Nilimuita, Nyogokuru. Pumzika."

"Uliita. Mu kitabu… uliandika?"

Mwanamke huyu hajui kusoma hata herufi moja.

"Unafikiri… sikuone kitabu? Unaita… unakimbia kufungua nyuma. Konfinema. Kashne. Mapendo. Ile siku unaandika… balikuwa bado tumboni."

Niliangalia. Orodha ilikuwa ya tarehe nane Aprili. Walio hai kumi na tisa, halafu moja kwa moja waliokwenda. Ndama watatu nimewashangilia humu humu, kurasa za mbele, kila mmoja na tarehe yake, na sikumwongeza hata mmoja kule nyuma. Kumwita nilimwita kila mmoja kwa pumzi yake. Lakini Gitare hakuwa tena wa ishirini na nane. Alikuwa wa thelathini na moja.

Profesa alipokea kabla simu haijalia. Nikasema, "Trente et un. Nilikosea. Ni trente et un."

Hakunigombeza. "Beba mama. Sasa hivi."

Nani atabeba mgonjwa wa kikohozi mwaka huu? Papa, asiyependa maneno, alitoka kwenye mvua bila kofia akapita nyumba kwa nyumba. Sijui aliwaambia nini. Alirudi na wanaume watano, vitambaa vimefungwa puani. Papa Jean-Bosco, yule infirmier, mwuguzi wa kituo chetu, alimchoma sindano ya kwanza pale pale kwenye kipoyi, mvua ikimpiga mgongoni. Tukashuka. Mara mbili walianguka magoti, na mara zote mbili kipoyi hakikugusa chini.

Hapa wamempa hewa ya mashine. Daktari kasikiliza mgongo wake, akasema pafu la kulia limejaa chini. Nikasema najua.

Jumatatu, 1 Juni

Anapumua. Siandiki zaidi.

Jumatano, 3 Juni

Homa imeshuka kidogo. Kadai chai, akasema ni mbaya. Papa kalia nyuma ya jiko la hospitali, na mimi nimejifanya sikuona.

Jumatatu, 15 Juni

Tumerudi. Mapendo kamkimbilia Nyogokuru na kumlamba kitambaa. Ilikuwa corona? Hakuna aliyempima, hakuna atakayejua. Sisi wenyewe tulikaa mbali na watu siku zote walizotuambia.

Ijumaa, 3 Julai

Fomu imerudi, maswali yale yale. Nimekaa kwenye kisiki muda mrefu na kidole hewani.

Nikimfikiria Chantal naandika "hayafai," kwa sababu mlango huu umefunguliwa nusu, na walio nje ni wale wale wa siku zote. Nikifikiria bidoni, naandika kitu kingine. Nilimpigia Profesa na kumwuliza yeye aliandika nini. Alicheka, sikujua kwamba anaweza kucheka.

"Mwezi ya tatu niliandika 'haiwezekane.' Sasa? Sijuwe. Ile siku ya Pentekoste mimi nilikuwa na saa tu. Mikono ilikuwa yako. Sikio ilikuwa yako. Mu darasa ya bantu mia mbili, sikio yako nisingeijua." Kisha akaongeza, "Na ile majina ulikuwa naita, ni ya nani?"

Nikamweleza.

"Baba yangu pia hakuhesabu," akasema.

Nimeiacha fomu bila kuchagua. Mahali pa maoni nimeandika: walipieni wa Walikale kadi za simu, na mfundishe kila mtu kupasha mikono.

Ijumaa, 17 Julai

Mtihani. Jua kali, malisho yamekauka, vumbi kwenye kila kitu. Chantal alipimwa juzi kule Hombo, akimchunguza babu yake, sokoni, watu wamewazunguka. Kapita.

Nyogokuru alivaa kitenge cha kanisani. Nilimwambia hakuna picha, Profesa hatamwona. "Ataona," akasema, akalala.

Nilipasha mikono juani. Nikatundika simu. Nikaandaa daftari, orodha mpya, ndama watatu wapo mahali pao. Kisha nikalifunga, nikampa yeye alishike. Majina nayajua.

"Mademoiselle," Profesa akasema kwa ile sauti yake ya kutisha, "pumzi. Kwa sauti. Nashika saa."

"Bihogo," nikaanza.

Kifua kilipanda taratibu, kikashuka taratibu. Kati ya jina na jina kulikuwa na nafasi ya kusikia inzi. Sante. Rusine. Papa alikuja akasimama mlangoni, kofia kichwani, na midomo yake ikawa inakwenda pamoja nami. Sikuharakisha. Sikuwa na sababu ya kuharakisha. Nilipomwita Mugaju, yule mzee mwenye pembe moja, Profesa akasema, "Simama. Ngapi?"

Mugaju. Nyuma yake bado kulikuwa na ng'ombe mmoja, na ndama wote watatu, hawajaitwa, wako nje wanakula.

Kabla sijafungua kinywa, Nyogokuru aliinua kichwa, akausemesha msumari chini ya bati, kwa sauti kubwa ili Goma wasikie:

"Papa Profesa, andika muzuri. Leo hatukufika kwa bale benye balienda."